Aliyemuua Quentin Anaomba Kuniona

Jumapili, 5 Juni

Quentin hayupo. Jana mchana, nje ya duka la kinyozi. Yeye na mtu mwingine waligombania nafasi ya kuegesha gari. Gari! Risasi moja. Mwanangu alikwenda kunyoa tu.

Walikuja polisi wawili. Mmoja alikuwa mpole, akaniuliza kama nina mtu wa kukaa naye. Upole wake ndio ulionichoma. Sijui kwa nini.

Jumanne, 7 Juni

Nyumba imejaa kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini vilivyoletwa na majirani. Mume wangu Alvin anakula amesimama, hatulii.

Leo ameiona fulana yangu ya maandamano imeanikwa bafuni. Ile ya POLISI WAFUTWE.

“Sasa utafanyaje, Odessa? Muuaji naye utamwitia duara?”

Nikaianua fulana. Miaka yote hii, katika chumba cha chini cha kanisa letu hapa magharibi mwa Chicago, nimewakalisha duara moja waliotenda na waliotendewa. Waangaliane, waseme, watafute cha kutengeneza. Gereza halimrudishi mtu, nilikuwa nawaambia akina mama. Nilisema kwa wepisi mno!

Ijumaa, 10 Juni

Tumemzika.

Jumatatu, 13 Juni

Corliss amekuja. Duara tunaliendesha pamoja, yeye na mimi.

“Dada, keti kwanza.”

“Nimeketi, Corliss.”

“Aliyefyatua ni Tremaine. Mtoto wa Renita.”

Tremaine! Alivunja kioo cha duka la kona, akaletwa kwetu badala ya polisi. Aliyemfundisha kuweka kioo kipya ni nani? Quentin. Siku ile nzima niliwasikia pale wakitaniana, huyu anamwambia mwenzake ana mikono ya siagi, kila kitu kinamponyoka.

Corliss anasema polisi hawajamjua bado. Kijana atajisalimisha, na mchungaji na wakili watakuwa naye. Ila anaomba anione mimi kwanza.

Kumbe Alvin alikuwa koridoni, kasikia yote. Akaingia na simu mkononi.

“Nawapigia sasa hivi.”

Corliss akamsihi asipige, polisi wakimkuta Tremaine na woga alio nao watamuua.

“Basi nani aje amchukue?” Alvin alifoka. “Nyinyi na viti vyenu? Mwanangu yuko ardhini!”

Halafu akalia. Sijawahi kumsikia akilia hivyo. Nilimshika mgongo tu. Mimi, mwenye majibu ya mtaa mzima!

Jumanne, 14 Juni

Renita kapiga simu. 

“Sikuombi umsamehe,” akasema. “Hata mimi bado. Naomba tu asifie barabarani kama kaka yangu.”

Kaka yake polisi walimmiminia risasi, ameshika simu wakadhani bastola. Tuliandamana. Nilibeba picha yake mimi mwenyewe.

Nilitaka kumwambia Renita: wako bado anapumua. Nikayameza maneno hayo. Nikamwambia nitakuja Alhamisi.

Alvin hajapiga. Anakaa na simu mapajani, anaitazama tu.

Alhamisi, 16 Juni

Nimejifungia chooni, chini ya kanisa. Naandikia magotini.

Alvin amekuja! Sikumwomba. Amesimama ukutani, hataki kiti. Mchungaji yupo, wakili yupo, Renita kashika mkoba wake kama utaporwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwuliza Tremaine, Quentin alisema nini mwisho. Nilitaka pia kumpiga kofi — kweli, niandike tu. Nilitaka afe. Nilitaka aishi mpaka azeeke na jambo hili kila asubuhi. Yote mara moja.

Akaingia. Kakonda. Akasimama mbele yangu, akasema, “Mama.”

Mama! Hapa wote huniita hivyo, hata yeye, toka zamani. Lakini leo nilisikia sauti ya mwingine. Nikainuka nikakimbilia huku.

Nasikia Alvin anaongea, chini chini. Simsikii vizuri. Hafoki.

Corliss anagonga. “Dada? Tremaine anauliza kama aondoke.”

Akitoka hapa ataenda wapi? Nani atamwona kwanza?

Sasa Tremaine analia, tena kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Simhurumii. Au namhurumia, na ndiyo maana nimejifungia.

“Dada, nimwambie nini?”

Nimemjibu asiondoke.

Mimi bado sijafungua mlango.