Amri Iliyojiita Yenyewe

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba kikohozi kimemwachia mtoto. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na usicheke, najua utasema mdogo wako huogopa hata kivuli chake.

Kazi ya ukarani hapa maabara ya hospitali naipenda. Napeleka majibu ya vipimo kwenye printa mbili, moja mapokezi, nyingine wodini. Ile ya wodini hugoma ovyo, na wauguzi walizoea kunitania kwamba majibu yangu huja kwa miguu. Basi nikakaa na kitabu, nikaandika kwenye seva yetu, kompyuta kuu inayotunza majibu yote, funksheni, yaani amri kadhaa zilizofungwa pamoja chini ya jina moja. Niliiagiza itume majibu, na yakikataa kutoka, ijiite tena mara mbili, moja kwa kila printa, pasipo kusubiri. Ilikwenda vizuri, hata muuguzi mkuu akaniambia sasa nimekua.

Jumanne karatasi ziliisha kwenye printa zote mbili. Amri ikakwama, ikajiita mara mbili. Hizo mbili nazo zikakwama, kila moja ikaita nyingine mbili, zikawa nne, zikawa nane, na hakuna mahali nilipoiambia ikome. Kabla sijamaliza kuchana bunda la karatasi, seva ilikuwa imejaa nakala za amri ile ile, zote zikigombania nafasi. Hata amri ya kuzizima haikupata pa kuingia. Majibu ya hospitali nzima yakafungiwa humo. Daktari wa upasuaji alikuja mbio mwenyewe kuuliza kundi la damu la mgonjwa aliyekwisha kulazwa mezani, ikabidi damu ipimwe upya huku kila mtu amesimama. Mgonjwa alipona, Dada. Mimi ndiye bado sijapata usingizi.

Fundi wa kompyuta aliizima seva na kuiwasha upya. Bosi akamgeukia, akasema mbele yetu sote kwamba ameacha virusi viingie, na Ijumaa akabidhi funguo aende zake. Fundi alijibu kwa upole kuwa haoni virusi, anaona mashine iliyokabwa na sauti yake yenyewe. Bosi akamwambia mashairi akatunge nyumbani. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Ile funksheni ingali mle, na seva ikiwashwa huisoma upya. Ningeweza kuifuta kimyakimya, kidole kilishafika kwenye kitufe. Lakini nikiifuta, nafuta pia kitu pekee kitakachomwokoa fundi. Kwa hiyo nimeiacha, na kila asubuhi nafika mapema nikazishindilia karatasi printa zote mpaka pomoni, isije ikaamka tena. Mfagiaji anauliza kama nimechumbiwa na printa.

Siwezi kuendelea hivi, na sitaendelea. Kesho ndiyo Ijumaa. Nimemwomba Bosi anione kabla funguo hazijakabidhiwa, na fundi awepo. Kuna kompyuta kuukuu stoo, haijaunganishwa na seva wala printa. Nitaiandika amri yangu humo, itakwama papo hapo, nao wataiona ikizaana mpaka mashine izimie. Kisha nitaifuta ile ya kwenye seva mbele yao, na kusema ni yangu.

Najua wewe ndiye uliyempigia Bosi simu nikapata kazi hii, ukamwahidi kwamba mimi ni mtu makini. Samahani kwa aibu nitakayokupa. Huenda barua ikakufikia nimeshafukuzwa. Hata hivyo nakuomba, usimpigie tena kuniombea. Safari hii acha asikie sauti yangu tu.

Nisalimie shemeji, na mtoto umpakate kidogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba