Pembe ya Kanga Mdomoni

Bi Zuhura, mke wangu,

Salamu nnakuletea, ijapo jibu silitaraji. Hata ulipokuwa hai, nikikosa ulikuwa hunijibu. Na nimekosa.

Mwaka wa pili huu tangu ututoke, na mjukuu wetu Rukia meno yake ya mbele yametokeza, ya juu na ya chini hayakutani tena. Siku ya Idi tunakula biriani, nikamwona akimeza, ulimi unatoka katikati. Wanijua na mdomo wangu. "Rukia, huyo kobe atoka gambani kwenda wapi?" Nyumba nzima ikacheka. Yeye akavuta ushungi, akaziba mdomo. Tangu siku hiyo hali mbele yangu.

Mama yake akampeleka kwa daktari wa meno, nami nikajipachika. Daktari akasema mtu akimeza, ncha ya ulimi hupanda juu, nyuma ya meno. Wa Rukia husukuma mbele, na hata akitulia hukaa papo hapo.

"Ulimi nyama tu, daktari. Utasukumaje jino?"

Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia seremala. "Basi kabari ndogo, mzee, ikikaa siku zote, mlango huufanya nini?"

"Huusukuma ukapinda," nikakiri. Miye! Akasema pengine ni pengo ndilo linaloualika ulimi, na umbo la uso nalo hurithiwa. "Nani kwenu ana mdomo kama huu?"

Hapo, Zuhura, nikakukumbuka wewe.

Fungate yetu, siku ya kwanza. Umemega mkate wa kumimina, umemeza, nami kijana mpumbavu nikasema, "Ulimi wako wachungulia wageni?" Nikacheka peke yangu. Ukashika pembe ya kanga, ukaziba mdomo. Hukuiachia tena. Miaka yote ile Malindi umekula umenipa ubavu, nami najisifu barazani: mke wangu ana haya, hata kutafuna sijamwona! "Kula, Machano, usinitazame," ukisema. Nami nikaona ni mapenzi.

Haya gani. Ilikuwa mimi.

Rukia kapewa mazoezi ya kumeza mbele ya kioo. Hataki. Jana nikakaa mwenyewe kwenye kioo cha kabati lako, nameza mate. Kibogoyo mimi, ulimi unatoka wote. Kobe hasa. Nikamwona Rukia mlangoni. Hakucheka.

"Si hivyo, babu. Ncha juu."

Akashusha ushungi akanionesha. Mara moja tu. Kisha akaurudisha, akenda zake. Sijui kama atarudi.

Ahadi yangu ni hii: sitomcheka tena mtu anayemeza, hata nikiwashwa na ulimi mpaka kisogoni. Kila baada ya alasiri nitakaa pale kiooni, aje asije.

Kwaheri, Zuhura. Huko uliko iachie hiyo kanga, ule. Mimi bado sijafika.

Wako,
Machano