Tetemeko na Povu la Sabuni

Jumanne, Kurasini

Bado nacheka. Jioni nyumba ilipotikisika nilidhani ni lori la makontena, mpaka vyombo vya jikoni vikaanza kuanguka. Kwa mimba hii ya miezi minane, kushuka ngazi za ghorofa ya tatu mbio siwezi. Nikajiingiza chini ya meza.

Elia akatoka bafuni, povu mwili mzima.

"Kimbia, mume wangu!" nikampigia kelele.

"Nikimbilie wapi na nyie mko hapa?"

Akajibana kando yangu, akanikumbatia mpaka pakatulia.

Naogopa. Siku likija tetemeko kubwa, na bahari ilivyo karibu...

Sasa hivi anasukuma kabati la nguo mbali na kitanda. Nimemwambia apumzike, kasema hapumziki mpaka upande atakaolala mtoto uwe salama.