Kapu Limeanguka Tena

6 Oktoba

Shikamoo Baba,

Natumaini umeamka salama na mkono wa kulia umeanza kukutii. Mama anasema ule mpira wa mazoezi unamrushia paka badala ya kuuminya. Paka wa watu amekukosea nini? Mimi mzima wa mwili, ila roho iko juu.

Seva ya kituo inaanguka, Baba. Wanafunzi wanakuwa wametulia na visikilizio vyao, vitabu vya sauti vinasomwa, mara skrini inageuka bluu, inaandika mistari michache na kuzima. Kwa watoto wasioona ni sawa na kunyang'anywa kitabu mkononi. Wanabaki wameelekeza nyuso kwangu, wananisubiri. Nikijaribu kunakili vitabu pembeni, inaanguka hapo hapo. Na nakala ya pili tuliizima mwaka jana diski zilipojaa, unakumbuka. Kila tulichorekodi kiko humo tu.

Mkuu mpya kaniuliza Kapu ni kitu gani. Nikamwambia ni draiva, programu aliyoiandika baba yangu mwenyewe, inachukua diski saba za kuokoteza na kuzifanya zionekane diski moja kubwa. Akanitazama kana kwamba nimesema tunafuga mbuzi humo ndani.

Mtihani ni mwezi ujao. Najua simu huitaki mpaka ulimi ukae sawa. Basi niandikie.

Binti yako

7 Oktoba

Marahaba mwanangu,

Sijambo. Nabonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto, kwa hiyo usinisahihishe. Paka ndiye aliyeanza.

Anza na umeme. Badilisha pawa saplai, kisha kebo, moja moja, usizivamie zote kwa pamoja ukashindwa kujua mkosaji. Kisha kadi za memori. Kapu usiliguse, halina neno. Miaka yote halijaniangusha hata siku moja, na wewe ulikuwepo.

Skrini inaandika nini mstari wa mwisho? Hujaniambia.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri.

Baba yako

10 Oktoba

Shikamoo Baba,

Vipi hali? Umelala? Dawa za asubuhi unazimeza au unazificha chini ya mto?

Nimebadilisha pawa saplai. Nimebadilisha kebo zote, nikazivuta hadi vidole vikachubuka. Kadi za memori nimeazima kwenye kompyuta ya mhasibu, na sasa mhasibu hanisalimii. Leo wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa kwenye Jiografia, ile uliyosoma wewe. Unajua wanakuita Treni? Wanasema unasoma kama unawahi stesheni, lazima warudishe nyuma kila aya. Walikuwa wanakucheka kidogo, basi mashine ikazima katikati ya kicheko. Binti mmoja alilia. Nilitamani nilie naye.

Skrini inapotea haraka, sijawahi kuusoma ule mstari.

Binti yako

11 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Treni! Waambie treni haimsubiri mlala hoi wala mlala usingizi.

Lakini wewe hunifurahishi. Mstari haupotei haraka hivyo, na simu yako ina kamera. Piga picha. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mashine ikianguka inasema ilipokanyaga. Au umeshakuwa mzembe tangu niondoke?

Fungua kifuniko, elekeza feni kwenye diski. Huenda ni joto. Kapu silo.

Baba

14 Oktoba

Baba yangu, shikamoo,

Leo sikuulizi habari za mpira. Naomba ukae vizuri ndipo usome.

Nilikudanganya. Mstari wa mwisho nimeusoma tangu siku ya kwanza. Kila inapoanguka inaandika jina lile lile: kapu. Niliomba Mungu iwe kebo. Nilibadilisha vitu nikijua havina kosa, ili tu nisiwe mimi wa kukuletea habari hii kitandani.

Nimeona na chanzo chake. Diski moja ikijaa, Kapu linahamisha faili kwenda diski nyingine, kama ulivyolipanga. Zamani diski zilikuwa na nafasi na watoto walikuwa wachache. Sasa linahamisha faili ambalo mtoto yuko katikati ya kulisikiliza, na anavyorudisha nyuma ndipo linapojikwaa. Hapo seva nzima inakwenda chini.

Hakuna dawa isipokuwa kuling'oa. Ila naogopa. Diski zikiwa nje ya Kapu, vitabu vitakuwa vizima, au umevikatakata vipande ukavitawanya kila diski? Hilo unalijua wewe peke yako duniani. Mkuu amesema tarehe 24 mashine inaondoka, diski zinafutwa, tunaanza upya. Maji yamenifika shingoni.

Nisamehe. Nijibu.

Mwanao

20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilipompigia Mama aliniambia umegeukia ukutani, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Seva imeanguka tena jana, na leo tena. Sasa diski moja inagonga ndani, ko, ko, ko, kila nikiiwasha. Nimeweka kiganja juu yake nikaihisi inavyohangaika. Nimezima kila kitu. Watoto wamekaa na karatasi zao za nukta nundu, wanasoma maswali ya mtihani ambayo vitabu vyake hawana. Mwalimu wao kanikuta stoo nalia kwenye maboksi.

Nina hasira na wewe. Nimekwambia ukweli umeninunia, nilipokudanganya ulinijibu siku ya pili yake. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba neno moja tu: vizima au vipande?

Mimi

22 Oktoba

Mwanangu,

Vizima.

Ling'oe Kapu. Kisha washa mashine upya na ufungue diski moja moja. Kila moja ina folda iliyofichwa yenye jina langu. Humo kila sauti ipo nzima kama ilivyorekodiwa. Sikukata hata faili moja. Nilikuwa mwoga, nilisema siku Kapu likifa, vitabu visife nalo. Diski inayogonga iache mpaka mwisho, uiwashe mara moja tu, na uanze na kitabu unachokitaka zaidi.

Sikukununia wewe. Mguu umekataa, mkono umekataa, nikitaka maji mama yako analeta shuka. Nilikuwa najiambia kwamba kuna kitu kimoja changu bado kinafanya kazi vizuri mahali fulani. Sasa na hicho ndicho kinachowaliza watoto. Niliona aibu, mwanangu, aibu mbaya.

Usinifiche tena kitu. Mgonjwa ni mkono, si moyo.

Baba yako

24 Oktoba

Shikamoo Baba,

Asante. Nimelia, nimenawa uso, nimefanya.

Nimeling'oa Kapu asubuhi mkuu akiwa mlangoni na mikono nyuma. Diski ya kwanza ikafunguka, nikaona folda, nikabofya sauti, Historia ikaanza kusoma. Mkuu akasema, "Kumbe." Hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliyonipa. Diski sita zote zimefunguka na nimeshanakili. Mashine haiondoki.

Ya saba imegonga mara mbili ikanyamaza. Ndiyo iliyobeba Jiografia yote. Ningekuambia siku ya kwanza tungeiwahi, maana wakati ule ilikuwa haijaanza kugonga. Umesema nisikufiche, basi sikufichi.

Na si kitabu tu. Tangu uugue nilikuwa nafungua ile Jiografia wakati wa chakula cha mchana, si kwa ajili ya mito na milima. Nilikuwa nataka kukusikia ukikimbia na maneno yako. Nimekupoteza mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu.

Mkuu anatafuta mtu wa kusoma upya, hajapata. Watoto wataingia kwenye mtihani bila Jiografia.

Binti yako

29 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Hujanipoteza, nipo hapa, paka ni shahidi.

Nakutumia sauti. Ni ukurasa mmoja wa sura ya udongo. Mama yako ameshika simu, nimesoma kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Lile neno mmomonyoko limenitoa jasho. Aliyelitunga hakuwa na kiharusi.

Wape wasikilize, usiwaambie ni nani. Kama hawanielewi uniambie wazi, sitanuna. Kwako nimekataa hata kusema haloo kwenye simu, lakini wale hawawezi kusubiri ulimi wangu upone.

Baba

30 Oktoba

Shikamoo Baba,

Nimewawekea asubuhi, seva imesimama imara. Kwanza mmoja akauliza kama betri inaisha. Kisha wakaanza kuandika, kila mtu na sindano yake ya nukta nundu, na mimi nikasimama nyuma yao nikiwa nimejiziba mdomo.

Ukweli uliouomba ni huu. Neno mmomonyoko halikueleweka, wamerudisha nyuma mara tatu, na bado wameliandika vibaya. Lisome tena. Sehemu nyingine zote hawakurudisha nyuma hata mara moja. Unasoma kwa mwendo wa mkono wao.

Wameniuliza huyu msomaji mpya ni nani. Nimeshindwa kujizuia, nimesema ni Treni. Wamekataa kabisa. Wanasema Treni hakuwa na subira hivi.

Wanaomba ukurasa unaofuata.

Mwanao