Vigae Kutoka Big Cove

Tahlequah, Oklahoma
3 Septemba 1978

Bibi yangu mpendwa,

Nakuamkia. Mgongo unaendeleaje? Mimi na mama tu wazima, ingawa mimi ni mzima wa mwili tu. Shuleni naongea Kiingereza kwa kunong'ona. Hata nikisema Kicheroki, lugha yetu, Wacheroki wa huku wananicheka: "We mtu wa milimani, hebu sema tena!"

Nikitoka shule nafinyanga udongo wa mtoni. Kila chungu kinapasuka motoni. Mama anapita kama haoni. Tangu mgombane naye kuhusu kuhama, hataji Big Cove. "Achana na matope, Marlena. Tumeshahama," basi. Nataka chungu kimoja tu kizima, chenye harufu ya kwako. Naogopa kuisahau.

Mjukuu wako,
Marlena

Big Cove, North Carolina
17 Septemba

Mjukuu wangu,

Mgongo upo, unanung'unika kama shangazi yako. Jana nilipika mkate wa maharagwe nikakutengea wako, kwa mazoea.

Hao wanaokucheka, waulize kama wanajua kufinyanga. Udongo wako ni laini mno. Saga vigae vya chungu cha zamani uchanganye nao, ndipo utastahimili moto. Nakutumia vigae. Ni kile chungu cheusi cha mama yangu, cha dirishani. Nimekivunja mwenyewe, usipige kelele. Chako kipashe joto kando ya moto kwanza, ukikigeuza. Mwisho kifunike na magunzi ya mahindi, moshi ukiingie.

Bibi yako

Tahlequah
8 Oktoba

Bibi,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila kuvisaga vigae siwezi. Kigae kimoja kina alama ya kidole cha mama yako, kwa ndani. Naweka changu pale, kinaenea. Nikivisaga nitabaki na nini cha huko? Nikasirikie kidogo, labda nitaweza.

Mjukuu wako

Big Cove
20 Oktoba

Mjukuu wangu,

Salama hapa, majani yameanguka yote. Sikukasirikii. Hicho unachokililia, mama yangu alisagia ndani yake chungu cha mama yake. Huyo naye alifanya vivyo hivyo. Saga, mwanangu.

Bibi yako

Tahlequah
26 Novemba

Bibi,

Nakuamkia, na unisamehe kwa ukimya. Nilikuwa natwanga huku machozi yananitoka, mama akasimama mlangoni. "Unatwanga au unabembeleza mtoto? Lete huo mchi!" Mama huyuhuyu! Akatwanga mpaka jasho likamtoka. Nilipomaliza kufinyanga na chungu kikakauka, akachagua kuni mwenyewe, akanifukuza kwenye moto: "Toka, utakiwahisha motoni."

Kimetoka cheusi, kizima, hakina hata ufa. Mama aliingiza uso mdomoni mwa chungu, akakaa hivyohivyo. Alipoinuka akaniuliza kama bado unachomea vyungu kule nyuma ya ghala. Nikamwambia, mimi si tarishi wenu, muulize mwenyewe. Nimemwachia nafasi hapa chini.

Mjukuu wako,
Marlena

Mama, ni mimi. Karatasi ina masizi, nisamehe. Sijanawa. Sitaki kunawa.

Binti yako