Baraka ya Mgombea

Adungosi, Jumanne

Mdogo wangu Levis,

Mahindi yamekubali, na mama anakusalimu. Jumapili mgombea wa kiti cha MCA, uwakilishi wa wadi yetu, alikuja kanisani. Kama mzee wa kanisa nilimwita madhabahuni, nikaomba waumini wamnyooshee mikono tumbariki. Nilidhani ni adabu kwa mgeni. Binti yako Rael, anayewania kiti hichohicho, alikuwa pale kwenye kwaya. Naye akanyoosha mkono.

Sasa sokoni wanamcheka: "Dada, Mungu ashapiga kura, wewe bado unatafuta nini?" Anataka kujiondoa.

Kanisa huombea wagombea wote. Kuchagua ni kazi ya kila mtu na dhamiri yake. Mimi ndiye ninayefundisha hivyo. Jumapili ijayo nitawaambia waumini kwamba aliyemchagua yule ni mimi, si Mungu. Nimemsihi Rael asubiri. Akaniuliza, "Baba mkubwa, na wale wa sokoni wasiokuja kanisani?"



Kaka yako mwenye aibu,
Phanuel