Ng'ombe Kwenye Uwanja wa Kilindoni

Magomeni,
12 Novemba 2000

Dada yangu Kuruthumu,

Shikamoo dada. Kifua kimeachia, au bado unajikaza na kuwapikia watu? Na bibi harusi wetu Chiku, mmeshamweka ndani au bado anarandaranda Kilindoni? Mkalishe, atamletea mume uso ulioungua na jua! Sisi huku wazima. Vumbi la Kariakoo limenikaba koo, lakini hilo si ugonjwa, ndiyo mji wenyewe.

Duka linaenda. Mimi na Ankit, yule mwenzangu wa Kisutu niliyekueleza, tumeongeza kompyuta. Mitumba yote, imeshuka bandarini kutoka Dubai, ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kukoboa. Mchana tunachapa kadi za harusi, jioni vijana wanakuja kucheza gemu. Wanalolipenda kuliko yote ni la kurusha ndege. La zamani hilo. Jipya mashine zetu haziliwezi.

Ubaya wake, gemu lenyewe lilivyotoka kiwandani halitujui. Mafia yetu ni kijani kitupu, hakuna hata kibanda. Ankit akagundua kuna watu huko Ulaya, wala si wenye gemu, wanatengeneza nyongeza kwa mapenzi yao tu na kuziweka kwenye intaneti bure: ndege, viwanja, majengo, hata mawingu. Akawa anazishusha moja moja na kuzipachika. Ndege ile ile anayorusha kaka Uledi tukaipata, na mishale yote ya saa zake za mbele.

Kaka aliposikia akaja. Nilidhani atatucheka, maana unajua mdogo wako anavyoringa tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe na yeye akaanza kuitwa Kapteni. Wapi! Alikaa jioni ile, akarudi kesho yake, ikawa ndiyo kawaida. Akamwomba Ankit amchoree uwanja wa Kilindoni, na ile changarawe, minazi na kibanda cha bati. Akawa anatua hapo tu, tena na tena, midomo inacheza kama mtu anayehesabu. Vijana wanampigia makofi, na mimi nanenepa kwa fahari. Mjinga mimi.

Wiki iliyopita Ankit akapata nyongeza ya wanyama. Kwa utani akajaza ng'ombe katikati ya uwanja, kundi zima. Vijana wakaziba midomo wasicheke. Kaka akashuka taratibu, akatua juu ya ng'ombe wale, akawapita kama hawapo, maana gemu la kale lile halijui kugonga mnyama. Kisha akatugeukia anatabasamu, akasema tumeona wenyewe, uwanja ulikuwa mweupe. Dada, vijana wakashusha mikono midomoni, hamu ya kucheka imewatoka.

Nikajipa moyo kwamba ni ubovu wa kioo cha kompyuta. Kesho yake Ankit akausogeza uwanja pembeni kabisa, bila kumwambia. Kaka akatua minazini, akasema alhamdulillahi.

Nikamvuta nje nikamuuliza. Kwanza alinifokea, mimi ni nani wa kumfundisha kazi. Baadaye akashusha sauti, akakiri kwamba ni ukungu, ulianza mwaka jana na unazidi. Akasema Mafia anaijua kwa moyo, kwa mlio wa injini na kwa kuhesabu. Nikifungua mdomo, akasema, nimemzika, kwani akishushwa kwenye ndege yeye si mtu tena. Nilimhurumia, na hapo hapo nilitaka kumzaba kibao.

Nikaenda kwa tajiri wake. Akanionyesha cheti cha daktari chenye mhuri, akaniuliza mimi nimesomea macho wapi. Nimekatiza Mnazi Mmoja nalia, watu wananitazama.

Simu ya huko kwenu imekatika tangu mvua zianze. Kesho kaka anakuja huko na mizigo ya maduka, peke yake. Nimemsihi, nimemlilia, nimeshindwa. Keshokutwa ndipo atakuchukueni wewe, Chiku na akina shangazi wote kuja harusini. Hicho ndicho kinachonikata maini.

Hakuna mwingine anayekuja huko kesho, dada. Barua hii nampa yeye akuletee. Amekaa hapa mbele yangu sasa hivi anakunywa chai. Nilipomaliza kuandika hayo ya macho yake nimempa karatasi hii hii, nikamwambia apitie aone kama kuna nililosahau. Ameisogeza puani, akaiweka mbali, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akanirudishia. Anasema nimeeleza vizuri mambo ya harusi, na nikusalimie sana.

Kwa hiyo ukiwa unaisoma, ametua. Usimwache aruke tena. Wewe ndiwe uliyemlea, na ni wewe tu anayekuogopa. Mfungie ndani, mlilie, mvulie kanga mbele za watu kama itabidi. Njooni kwa boti. Harusi ikichelewa, na ichelewe, bwana harusi atasubiri.

Nibusie Chiku wangu. Wasalimie akina shangazi na majirani, waambie mizigo yao waifungue kwanza. Kesho sifungui duka. Nitakaa nyumbani, karibu na redio.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sabaha